Somo: Kitelezi Kinapokataa Kutii



Katika somo la leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo linalowasumbua sana wale wanaorekodi nyimbo za kwaya kwa kompyuta. Jambo lenyewe ni hili: sauti inapanda au inashuka yenyewe, hali hakuna mtu aliyeigusa. Ukiipandisha, inarudi chini. Ukiishusha, inarudi juu. Wengine husema kompyuta imeharibika, na wengine hufuta kazi yote wakaanza upya. Sisi twasema: ngoja kwanza. Mara nyingi kompyuta inafanya vile vile ilivyoagizwa, ila aliyeiagiza amesahau.

Tuanze na habari iliyotupata sisi wenyewe.

Mwaka uliopita kwaya yetu ilirekodi nyimbo chache. Katika mmojawapo, ubeti wa pili uliimbwa na Bibi mmoja peke yake, mzee kuliko wanakwaya wote. Aliimba mara moja tu, akasema inatosha, akaenda zake nyumbani. Baada ya majuma matatu alifariki. Jamaa zake wakatuomba wimbo ule upigwe katika ibada ya kumkumbuka, nasi tukakubali kwa furaha.

Siku nne kabla ya ibada, kijana wetu anayeshughulika na kompyuta alikuja kwa mwalimu wa kwaya, uso umemshuka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini, mwanangu?"

"Mwalimu, sauti ya Bibi imefutika."

Tulikwenda kusikiliza. Ni kweli, ubeti wa pili ulipoanza, Bibi alisikika kwa mbali sana, kama mtu aimbaye nje ya kanisa. Ule mwangwi mdogo ulikuwa umenaswa na vipaza sauti vya wengine waliokuwa karibu naye. Kisha, katikati ya ubeti, sauti yake ikaingia ghafula kwa nguvu. Kijana alikuwa amejaribu kuipandisha mwanzoni, ikakataa. Alikuwa karibu kuifuta sehemu ile na kumwomba mtu mwingine aimbe mahali pake. Namshukuru Mungu alikuja kuuliza kwanza.

Basi tujifunze hatua kwa hatua jinsi tulivyolitafuta kosa, ili na ninyi likiwapata msihangaike.

1. OTOMESHENI NI NINI?

Zamani, wimbo uliporekodiwa studio katika traki nyingi, mtu alikaa mbele ya meza ya kuchanganyia sauti na kusogeza kwa vidole vile vitufe virefu vinavyoteleza juu na chini. Hapa tutaviita vitelezi. Wimbo ulipokuwa mgumu, watu wawili au watatu walisimama pamoja, kila mmoja na vitelezi vyake. Mmoja akikosea, wote walirudia toka mwanzo.

Katika miaka ya 1970 wahandisi waliona kwamba kompyuta yaweza kukumbuka mwendo wa mkono. Kampuni ya Neve ya Uingereza ilitoa mtambo ulioitwa NECAM, ambao ulisukuma vitelezi kwa mota. Mhandisi alisogeza mara moja, mtambo ukakumbuka, na wimbo ulipopigwa tena vitelezi vilijisogeza vyenyewe. Kazi ya namna hiyo ndiyo iitwayo otomesheni.

Leo programu za kurekodia kama Pro Tools, REAPER na nyingine hufanya kazi hiyo hiyo bila mota. Chini ya traki au juu yake huchorwa mstari wenye nukta. Mstari ukipanda, sauti inapanda. Ukishuka, sauti inashuka. Wimbo unapopigwa, programu husoma mstari huo na kuufuata. Basi tukumbuke neno hili moja: mwenye amri ni mstari. Kitelezi ni mtumishi wake.

2. SWALI LA KWANZA: JE, SAUTI IPO?

Kabla ya kugusa kitu chochote, hifadhi nakala ya kazi yako kwa jina jipya. Usiandike juu ya ile ya zamani. Ukikosea katika kutafuta kosa, utakuwa na mahali pa kurudia.

Kisha jiulize: je, sauti yenyewe ipo, au imepotea kweli? Hapa pana faraja kubwa ambayo wengi hawaijui. Mstari wa otomesheni haubadilishi kile kilichorekodiwa. Sauti iliyotoka kwenye kipaza sauti imekaa katika faili lake ndani ya folda ya kazi, na mstari ni maagizo tu ya namna ya kuipiga. Ni kama pazia mbele ya dirisha: ukilishusha, chumba kinakuwa giza, lakini jua halikuzimika.

Kwa hiyo fungua kazi mpya tupu, uliingize faili lile la sauti peke yake, usikilize. Tulifanya hivyo kwa Bibi. Sauti yake ilikuwa hapo nzima, tangu neno la kwanza hata la mwisho. Kijana alikaa chini, akashika kichwa, akacheka. Tangu hapo tulijua kwamba hatutafuti sauti iliyokufa, bali tunatafuta agizo lililokosewa.

3. KITELEZI KINACHORUDI CHENYEWE

Malalamiko ya kwanza ya kijana yalikuwa haya: "Nakipandisha kitelezi, nikiacha kinarudi." Sababu yake ni hali ambayo traki imewekwa. Katika REAPER kila traki ina hali yake ya otomesheni, nayo huonekana ukibofya kitufe cha otomesheni kwenye traki. Zilizo muhimu ni tano.

(a) Trim/Read. Mstari unafuatwa, lakini kitelezi kinaongeza au kupunguza juu yake. Mstari ukiwa umepunguza desibeli 10, na kitelezi kimepunguza desibeli 6, sauti itapungua desibeli 16. Watu wengi hushangaa hapa, maana wanatazama kitelezi tu wakasahau mstari.

(b) Read, yaani kusoma. Mstari unafuatwa na kitelezi kinatembea nao. Ukikisukuma, kinarudi kwenye mstari. Hii ndiyo hali iliyomshinda kijana wetu.

(c) Touch, yaani kugusa. Ukishika kitelezi, programu inaandika mwendo wa mkono wako. Ukikiachia, inarudi kuufuata mstari wa zamani.

(d) Latch, yaani kung'ang'ania. Inaanza kuandika ukigusa, lakini ukiachia haifuati tena mstari wa zamani. Inabaki pale ulipoacha, na kuendelea kuandika hivyo mpaka usimamishe wimbo.

(e) Write, yaani kuandika. Hii ni ya hatari kuliko zote. Inaandika tangu wimbo unapoanza kupigwa, hata kama hukugusa kitu. Kila kilichokuwapo kwenye mstari mahali pale kinafutwa.

Hatuna budi kukiri kosa letu hapa. Jioni moja traki ya besi iliachwa katika hali ya kuandika. Kesho yake tukapiga wimbo wote toka mwanzo, eti tusikilize tu. Tulipomaliza, mstari wa besi ulikuwa umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, na kazi ya jioni nzima imekwisha. Kompyuta ilizimwa kabla hatujagundua, kwa hiyo hata amri ya kurudisha nyuma haikutufaa. Tuliokolewa na nakala ya siku tatu nyuma. Tangu siku ile tuna sheria: ukimaliza kuandika, rudisha traki kwenye kusoma kabla hujanyanyuka kitini.

Basi kama kitelezi chako hakitii, tazama hali kwanza. Ukitaka kubadili sehemu ndogo tu, tumia kugusa. Ukitaka kupandisha wimbo mzima kwa kiasi kimoja, tumia Trim/Read ukisogeze kitelezi, au zichague nukta zote uzipandishe pamoja.

4. MSTARI ULIOBAKI NYUMA

Lakini hali ya traki haikueleza kwa nini Bibi alinyamazishwa. Yeyote aliyechora mstari hakukusudia kumnyamazisha. Tulichagua traki yake, tukabonyeza herufi V, ambayo katika REAPER huonyesha mstari wa ukubwa wa sauti. Tukaona bonde: mstari ulishuka mpaka chini kwenye dakika 1 na sekunde 40, ukapanda tena kwenye dakika 2 kamili. Yaani sekunde 20 za kimya.

Tulimwuliza kijana, "Bonde hili la nini?"

Akajibu, "Ni la wakati wa kinanda, Mwalimu. Bibi haimbi hapo, na kipaza sauti chake kilikuwa kinachukua ngoma. Nikakishusha."

Agizo lilikuwa jema. Lakini tulipotazama sauti yenyewe, kinanda kilianza kwenye dakika 1 na sekunde 28, na Bibi aliingia kwenye dakika 1 na sekunde 48. Bonde lilikuwa limechelewa kwa sekunde 12. Ndiyo maana mwanzo wa kinanda ulikuwa na kelele za ngoma kwa sekunde 12, na mwanzo wa ubeti ulikuwa kimya kwa sekunde 12. Makosa mawili yenye kipimo kimoja huwa na mzazi mmoja.

"Je, ulikata kitu mwanzoni mwa wimbo?"

Kijana akafikiri. Ndiyo, alikata. Mwanzoni kulikuwa na mtu akikohoa na mwalimu akihesabu, naye akaondoa sekunde 12 na kuvuta sauti zote kushoto ili wimbo uanze mapema. Sauti zilisogea, mstari haukusogea. Bonde lilibaki pale pale lilipochimbwa, na Bibi alipofika mahali pale akatumbukia.

Katika REAPER kuna chaguo ndani ya menyu ya Options linaloagiza nukta za mstari zisogee pamoja na sauti. Likiwa limezimwa, nukta hubaki nyuma. Likiwa limewashwa, zinafuatana kama ng'ombe na ndama wake. Lakini ni lazima uliwashe kabla ya kusogeza. Ukiliwasha baadaye halitarekebisha yaliyopita.

Dawa yetu ilikuwa rahisi. Tulizichagua nukta zote za traki ya Bibi, tukazivuta kushoto sekunde 12. Kisha tukafanya hivyo kwa kila traki iliyokuwa na mstari, kwa kipimo kile kile. Usirekebishe traki moja ukaziacha nyingine, maana zote zilichelewa pamoja.

5. TAFUTA KUANZIA CHEMCHEMI

Itakuwaje kama mstari unaouona uko sawa, na sauti bado inashuka? Basi kuna agizo jingine mahali pengine. Sauti hupita katika vituo vingi kabla ya kufika masikioni, kama maji yatokayo mlimani. Fuata mto toka chemchemi.

Kwanza, kipande cha sauti chenyewe chaweza kuwa na mstari wake, mbali na mstari wa traki. Pili, sauti hupita katika plagini, kama vile kompresa. Tatu, hufika kwenye kitelezi cha traki na mstari wake. Nne, traki yaweza kupita katika traki ya kundi, kwa mfano kundi la waimbaji wote. Tano, zote huishia kwenye traki kuu ya mwisho, nayo yaweza kuwa na mstari wake.

Kila kituo kizime kwa muda, kimoja kimoja, usikilize. Kosa likiondoka, umekipata kituo. Usizime vitatu kwa pamoja, maana hutajua ni kipi kilichokuwa na hatia.

Angalia sana kompresa. Kazi yake ni kupunguza sauti inapozidi kiasi fulani. REAPER ina mstari wa sauti wa kabla ya plagini na mwingine wa baada ya plagini. Tuseme umeweka mstari wako kabla, na kompresa inafanya kazi kwa kipimo cha 4 kwa 1. Ukipandisha desibeli 6 hali sauti imeshapita kiasi cha kompresa, itatoka imepanda desibeli 1 na nusu tu. Utadhani mstari haufanyi kazi, kumbe unafanya, lakini jirani anaondoa kile ulicholeta. Ukitaka kupanda na kushuka kwako kusikike sawasawa, tumia mstari wa baada ya plagini.

6. KWA WATUMIAO AUDACITY

Parishi nyingi hutumia Audacity kwa kuwa ni ya bure. Nayo ina mstari, lakini tabia yake ni tofauti, na wengi huchanganyikiwa wakihama kutoka programu moja hadi nyingine.

Katika Audacity ya toleo la 3, mstari huchorwa kwa chombo kiitwacho Envelope, nao ni sehemu ya kipande cha sauti. Ukikisogeza kipande, mstari unakwenda nacho. Kosa lililompata Bibi halitokei kwa njia ile. Lakini kitelezi kidogo kilicho upande wa kushoto wa traki hakitembei na mstari huo. Kwa hiyo ukikitazama chenyewe hutajua kwamba kuna mstari. Tazama picha ya sauti: ikiwa imebanwa nyembamba mahali fulani bila sababu, chukua chombo cha Envelope uzitafute nukta. Ukitaka kuondoa nukta, ivute mpaka nje ya traki.

Tena tahadhari. Katika Audacity, ukichagua sehemu na kuitumia amri ya Amplify, hapo hukuchora mstari. Umebadilisha sauti yenyewe ndani ya kazi. Waweza kurudisha nyuma kabla ya kufunga kazi, lakini ukishafunga, njia hiyo imekwisha. Kwa sababu hiyo weka faili la kwanza kabisa kando, mahali pasipoguswa.

7. MAMBO MADOGO MENGINE

Ukisikia mlio wa "tak" mahali sauti inapobadilika, nukta zako mbili zimesimama wima, moja juu ya nyingine. Zitenganishe kidogo, hata kwa elfu 10 au 20 za sekunde, ili mstari uteremke badala ya kuanguka.

Usishangae pia kwamba kushusha desibeli 6, ambako ni karibu nusu ya kimo cha mawimbi, hakusikiki kama nusu. Sikio la mwanadamu huhitaji kama desibeli 10 ndipo liseme sauti imepungua nusu. Kwa hiyo fanya kazi kwa kusikiliza, wala usichore kwa macho tu.

Tena usiweke nukta nyingi mno. Nukta 4 zatosha kuchimba bonde moja: mbili za kushuka na mbili za kupanda. Nukta 100 ni kichaka, na kosa hujificha kichakani.

8. ILIVYOKWISHA

Kazi yote ya kumrudisha Bibi, baada ya kujua kosa, ilichukua chini ya nusu saa. Kutafuta ndiko kulikochukua jioni mbili. Kijana aliomba msamaha, lakini hakuna aliyemkemea. Alichimba bonde kwa sababu nzuri, akakata kikohozi kwa sababu nzuri; hakujua tu kwamba kazi moja ingeiharibu nyingine. Sasa yeye ndiye anayewafundisha wengine.

Siku ya ibada tuliupiga wimbo. Kinanda kikanyamaza, Bibi akaingia kwa neno lake la kwanza, wazi kabisa. Mjukuu wake mmoja aliomba urudiwe. Tukaurudia.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kabla ya kutafuta kosa, tufanye nini kwanza, na kwa nini?
2. Utajuaje kama sauti imepotea kweli, au imeshushwa na mstari tu?
3. Eleza tofauti kati ya Touch na Latch. Kwa nini Write ni ya hatari?
4. Wimbo umekatwa sekunde 7 mwanzoni, na mstari haukusogea. Bonde lililokuwa sawa litachelewa kwa sekunde ngapi, nawe utazivuta nukta upande gani?
5. Umepandisha mstari, sauti haikupanda. Taja vituo vitano utakavyovikagua, kwa mpangilio.

Wenye kikundi cha kurekodi wayajadili maswali haya pamoja, kompyuta ikiwa mbele yao. Nasi twawatakia kazi njema, na nakala nyingi za kazi zenu.